Siku Nilipoanika Nazi

Siku ile nazi zilipopasuka tulikuwa uani watu watano. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo dada yangu mkubwa, mama mmoja baba mmoja, aliyekuja kutoka Migato kutibiwa macho. Alikuwepo jirani yetu wa upande wa barabarani, mke wa fundi cherehani, ambaye mama yake na mama yangu walilima pamba pamoja kabla sisi hatujazaliwa. Alikuwepo mke wa mwanangu wa mwisho, mgeni wa kutoka Mtwara, na mtoto wao wa kike wa miaka minne, aliyepewa jina langu. Mwanangu mwenyewe alikuwa kazini, kwa hiyo akiwasimulia habari hii msimsikilize, hakuona kitu.

Majina yao ninayo yote, mpaka la ng'ombe aliyekuwa amefungwa nyuma ya jiko. Siyaandiki kwa sababu wenyewe wapo, na kusoma wanajua kuliko mimi. Mimi niliishia darasa la tatu.

Mwanangu alikaa Mtwara miaka tisa, kazi ya serikali, akaoa hukohuko. Uhamisho wa kumleta Bariadi ulipotoka nililia kwa furaha, maana mjukuu nilikuwa nimemwona kwenye simu tu, paji la uso na nusu ya pua. Walifika mwezi wa saba, kiangazi kimekolea, upepo unaingiza vumbi mpaka kwenye sufuria lenye mfuniko. Mkwe wangu akashuka, akapiga goti, akasema, "Shikamoo mama." Nikajibu marahaba, moyoni nikasema huyu amefundwa. Halafu akauliza, "Mama, mto uko wapi? Niliambiwa kuna mto."

"Si mmeuvuka? Ule wenye mchanga."

"Ule ni mto?"

Nilimwambia asubiri masika atauona. Aliitikia kwa heshima, lakini niliona hakuniamini.

Wiki ya kwanza midomo ikampasuka. Mtoto akatoka damu puani, tukahangaika na kitambaa chenye maji. Sanduku la mbao alilopewa na mama yake siku ya harusi likalia paa! mchana kweupe, kwenda kutazama, lina ufa wa kuingiza kidole. Kilichomfurahisha ni nguo tu. Zilikauka kabla hajafika mwisho wa kamba. Alikuwa pia na kopo la chumvi alilotia punje za mchele ndani. Akaniambia kwao chumvi inalowa yenyewe, hata kopo likiwa limefungwa. Nilimpelekea dada yangu habari hiyo. Dada akasema, "Ilowe, kwani nani ameimwagia maji?" Tulidhani mtoto wa watu anatunga.

Visigino vyake vilipoanza kufanya nyufa nilimkalisha nikampaka samli mpaka magotini. Akajinusa, akasema, "Mama, umenigeuza chapati."

Nilimpenda. Naandika hivyo hivyo ilivyo.

Sasa, siku moja alikuwa anafua, mikono ina povu, akaweka simu kwa sauti kubwa juu ya beseni. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta wa jiko nachagua michembe, viazi vitamu vyetu tunavyokata vipande na kuvikausha. Nikasikia mama yake anasema kutoka Mtwara, "Ukishindwa niambie, nakutumia nauli, urudi na mtoto."

Yeye akasema, "Ngoja kwanza, mama. Mwezi huu ukiisha sijazoea, nitakwambia."

Mikono yangu ikasimama kwenye ungo. Ule mwezi ulibaki na siku kumi na moja. Sikumwambia mwanangu, maana angeanza maneno, na mwanamke akiambiwa maneno ndiyo anafunga mizigo haraka. Nikasema nitamshika kwa kumtunza. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Mama yake alikuwa amemtumia nazi kwa basi, nusu gunia, zimeshatolewa makumbi lakini kila moja imebakizwa kishungi cha nyuzi kichwani. Alizipanga chini ya kitanda kama mayai. Kila Jumapili alitoa moja tu, anaikuna, anapika maharage, na siku hiyo uso wake unakuwa wa mtu aliyelala vizuri. Mimi nikawaza: nazi hizi ziko gizani, kwenye joto, zitaoza. Zikioza, kitu gani kitamshika hapa?

Kwetu kitu unachotaka kikae unakipeleka juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Viazi, majani ya kunde, nyama, samaki wanaotoka ziwani, Kalemela. Jua linakitunza. Mkwe wangu alipokwenda sokoni na mtoto, mimi na dada tukazitoa nazi zote. Vile vishungi nikavinyoa kimoja kimoja kwa kisu, nilidhani ndivyo vinavyoshika unyevu. Tukazipanga safu mbili, zimeelekea jua. Dada akasogeza macho yake mabovu akasema, "Zimekaa kama wanakwaya."

Saa sita zikaanza. Ta! Dada akageuka, "Nani anatupa mawe?" Ta! tena. Wakati huo mkwe wangu anaingia uani na jirani, mtoto katangulia mbio mpaka kwenye mwamba. "Bibi, zinalia! Bibi, zinatoa machozi!" Kweli maji yalikuwa yanatiririka juu ya jiwe na kukauka palepale.

Mkwe wangu akaachia mfuko, nyanya zikabingirika. "Mama, umefanya nini?"

"Nimezianika zisioze."

"Nazi haianikwi, mama. Ikipata jua inapasuka. Na hicho kishungi ndicho kinachofunika macho yake."

Jirani akashindwa kujizuia, akaniita mama kwa kilugha chetu. "Mayu, umeanika maji!" akacheka mpaka akashika ukuta. Mkwe wangu hakucheka. Alikaa chini kwenye vumbi na gauni lake safi, akalia kimya, kama mtoto aliyekatazwa kulia. Umri wangu huu, sikumbuki aibu nyingine kama ile. Nikakaa chini karibu naye.

"Mwanangu," nikamwambia, "nilitaka zikae. Niliona zikikaa, na wewe utakaa."

Akanitazama. "Ulisikia ile simu?"

"Nilisikia."

Jirani akaanza kuokota nyanya. Ikapasuka moja nyingine. Basi mkwe wangu akajifuta uso kwa kanga, akainuka, akaokota nazi ya karibu akainusa. "Iliyopasuka hailali," akasema. "Lazima tuzikune zote leo. Mama, ndani kuna nini cha kupika?"

"Michembe."

Michembe hakuipenda, alisema ni kama kutafuna fimbo. Akasema, "Lete."

Akatoa mbuzi yake, kile kigoda chenye chuma cha kukunia, akaanza. Mkono ukichoka anampisha jirani, na jirani akajikwaruza vidole palepale. "Haya, cheka sasa," mkwe wangu akamwambia, "si ulikuwa unacheka?" Mimi nikatoa sufuria langu kubwa la misibani. Michembe ikachemka na tui jepesi, mwishoni akatia tui zito, na chumvi kutoka kopo lile la punje za mchele. Harufu ilivuka barabara. Watu wakaja na vibakuli, wengine wakaja bila vibakuli. Dada yangu alikula sahani tatu, akasema, "Kumbe miaka yote tulikuwa tunakula kuni."

"Nyie mnakausha kila kitu," mkwe wangu akasema. "Siku moja mtanianika na mimi."

Jirani akamjibu, "Umeshaanikwa, dada. Tazama visigino."

Hapo alicheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia anacheka kwa sauti yake yote, na mtoto akacheka kwa sababu mama yake anacheka.

Jioni jua halijazama mama wa mkwe wangu akapiga simu. Nilikuwa nasugua sufuria, nikaendelea kulisugua mahali pamoja. Nikasikia anamsimulia yote, na kule Mtwara mtu anacheka mpaka anakohoa. Halafu mama mtu akauliza, "Sasa mwanangu, nitume nauli?"

Nikaacha kusugua.

"Usitume nauli, mama. Tuma gunia zima. Na mwambie kondakta asiziweke juani."

Kiangazi cha tatu hiki tupo naye. Mto ameuona umejaa, na michembe ya mwaka huu kaikata mwenyewe.

Nimesema mlio wa kwanza ulikuwa saa sita. Mkwe wangu anasema ilikuwa saa nane. Nazi mimi nakumbuka kumi na sita, yeye anasema kumi na mbili, na dada yangu, ambaye siku ile alikuwa haoni vizuri, anashikilia ishirini. Jirani naye amekana kwamba ndiye aliyecheka kwanza. Kama ulikula uani kwangu siku ile na unakumbuka tofauti, pita nyumbani uniambie nilipokosea, nitafuta niandike upya.