Mashini Iliyozunguka Siku ya Mazishi

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Salamabila, nilipewa kitambaa nikaambiwa nipanguse vumbi. Nilikuwa nimeingia mjini nyuma ya pikipiki iliyobeba samaki wakavu, nikitafuta kazi yoyote. Kabla ya hapo nilikuwa nimetengeneza redio, nimechaji simu za watu, nimepakia mizigo kwenye mitumbwi ya mto Lualaba. Shule niliiacha mapema, lakini kuuliza sikuacha. Sasa nilisimama mbele ya mashini ya kuponda mawe ya dhahabu, iliyokuwa na visanduku vidogo vyenye waya, na hivyo ndivyo nilivyopaswa kupangusa.

"Shefu, hivi vinafanya nini?" nilimuuliza shefu wa umeme.

"Vinasikiliza mashini."

"Na vinamwambia nani?"

Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mbuzi aliyeuliza bei ya chumvi. "Weye ulikuja kupangusa ao kunihoji? Kuja nikuonyeshe, labda utanyamaza."

Sikunyamaza, na ndiyo maana nilibaki. Visanduku vile tuliviita kapteri. Kimoja kilipima joto la mota, kingine umeme unaoingia ndani yake. Katika ordinateri, yaani kompyuta, ya ofisini kulikuwa na programu iliyoviuliza kimoja kimoja, ikaweka majibu katika ghala la data. Programu hiyo haina sura. Inakaa nyuma, kama mama wa jikoni siku ya arusi: humwoni, lakini kila mtu anakula kazi yake. Kuipanga ni kuiambia anwani ya kila kapteri, jina la kila kipimo, na iulize baada ya muda gani. Ukiuliza mara nyingi mno, ghala linajaa takataka. Ukiuliza mara chache mno, mota inaungua wewe bado unangoja habari.

"Na usiandike 'mota mupya'," shefu alinionya. "Kesho itakuwa nzee, jina litabaki linasema uongo."

Miguu yangu haipendi kukaa. Nilipoijua kazi ya Salamabila nilihamia Lusangi, kwenye pampu ya maji, kisha nikashuka Kasongo, kwenye kiwanda cha kukoboa mpunga. Huko ndiko nilikomaliza kazi, na huko ndiko jambo ninalotaka kuwasimulia lilikotokea.

Kiwanda kilikuwa kando ya njia ya makaburini. Mashini na kapteri zake zilipata umeme kutoka kwa grupu, yaani jenereta, yenye kelele ya kuamsha mawe. Ordinateri, yenye programu kama ile ya Salamabila, ilikuwa na betri zake na paneli za jua. Mkuu wa zamu alikuwa kapita Ramazani, Mwislamu wa mjini, mtu wa mzaha, lakini hakuwa na mzaha na jambo moja: maiti haipiti kwenye kelele. Mwili ukitoka nyumbani, grupu inazimwa, iwe ni mwili wa Mwislamu au Mkristo, na haiwashwi mpaka watu warudi na kunawa mikono.

Mwaka mmoja alifariki Mama Veronika, aliyetuuzia sombe, yaani kisamvu, na muhogo mlangoni, na aliyetutukana kwa upendo kuliko mama zetu. Mwili ulitoka nyumbani asubuhi, lakini kanisani wakangoja ndugu kutoka Kabambare, na barabara mnaijua. "Sisi tungekuwa tumekwisha muzika tangu jana," Ramazani alininong'oneza, lakini hakugusa grupu. Kiwanda kilikaa kimya mpaka alasiri.

Juma lililofuata Direktris, mkurugenzi wetu, alifika kutoka makao makuu akiwa na mchoro wa vipimo vya mota vya siku ile ya mazishi mkononi. Huko mbali waliona kila kitu kupitia ghala letu la data. Aliwakusanya watu wa zamu uwanjani.

"Kapita, siku hii mashini ilizunguka kutwa. Muchele iko wapi?"

"Tulizima, Madamu. Tulikuwa tunamuzika Mama Veronika."

"Muchoro unasema hamukuzima."

"Basi muchoro haukukuja kwenye matanga. Sisi tulikuwa kule."

Mtu akacheka nyuma. Direktris hakucheka. Alitoa barua, akasema mchele umeibwa, na kwamba zamu nzima itafukuzwa kazi kabla ya jioni. Ramazani alivua kofia yake, akaitazama ndani kama aliyepoteza kitu humo. Kicheko kiliisha.

Kisha Direktris akanigeukia. "Papa, weye ndiye mutu wa ordinateri. Inadanganya?"

"Sijui, Madamu. Tuitazame pamoja."

Tuliingia ofisini, akavuta kiti, akakaribia kioo cha ordinateri. Alikuwa mtu mkali, lakini macho yake yalikuwa macho ya fundi. Akaweka kidole kwenye mstari wa siku ile.

"Mota yenye kukoboa inatetemeka," alisema. "Gunia moja iko na mupunga mubichi, ingine mukavu. Hapa mustari umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Kwa nini?"

Swali hilo lilinipeleka moja kwa moja kwenye mipangilio. Walioiweka programu walikuwa wameiambia hivi: kapteri isipojibu, shika jibu la mwisho. Hawakukosa akili. Panya wakitafuna waya kidogo, hutaki mchoro wenye mapengo kama kinywa cha babu. Na jioni za kawaida haikudhuru, kwa sababu tulisimamisha mota kwanza. Kapteri ikajibu sifuri, ndipo tukazima grupu. Lakini maiti haingoji utaratibu. Ramazani alikata grupu yenyewe, mota ikiwa katika kazi, na kapteri ikafa na jibu la mota inayokoboa mdomoni. Mazishi mafupi hayakuonekana. Ya Mama Veronika yalionekana.

"Zima grupu," Direktris aliamuru.

Mota ilikuwa ikikoboa; Ramazani akaizima grupu. Kimya kikaanguka. Kwenye kioo, mota iliendelea kukoboa. Direktris alichungulia dirishani. Kuku alikuwa amepanda juu ya mota, anajichokoa manyoya.

"Madamu," alisema Ramazani, "ule kuku ni shahidi wetu."

Hapo Direktris alicheka, mpaka akafuta macho. Akaichana barua ya kufukuza watu, akaniambia nibadilishe mpangilio. Tangu siku ile kapteri isipojibu, ghala linaandika: hakuna jibu.

Ninyi mtakaoshika kazi hii baada yetu, kabla ya kuandika anwani ya kwanza, waulizeni watu wa mahali: mashini hii mnaizima lini, kwa ajili ya nani, na kwa swichi ipi? Hilo halimo kwenye kitabu cha mashini, nami nimevisoma vyote nilivyokuta.

Nilipostaafu niliaga watu, nikachukua mfuko wangu kuelekea mlangoni. Ghafla grupu ikanyamaza. Nikageuka. Zamu nzima ilikuwa imesimama, kofia mkononi.

"Ramazani, mimi bado muzima."

"Tunajua, muzee. Tumeona heri tukupe kimya yako ungali unaisikia. Sasa pita upesi, wateja wanangoja muchele."

Pengo hilo limo katika ghala la data mpaka leo. Ni langu, nami nilitembea polepole ili liwe pana.