Kwenye fomu ya bima ya dada yangu niliandika "Hapana"

Admin, nisitirie jina, maana ndugu zangu wengi wanafuatilia ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Nyahanga hapa Kahama. Kazi yangu ni wakala wa kampuni binafsi ya bima ya afya. Nilicho nacho moyoni sijamwambia mtu yeyote isipokuwa mume wangu, na tangu nimwambie hajaniangalia kama zamani.

Mume wangu ni muuguzi kwenye kituo cha afya cha serikali huko Nyarugusu, nyumbani anarudi mwisho wa wiki. Kila Jumapili tukila mchana tulikuwa tunabishana mpaka watoto wanatucheka. Yeye alikuwa akisema, "Mama watoto, ugonjwa si bidhaa. Hizo kampuni serikali isipozishika shingoni, zitachukua wazima na kuwakimbia wagonjwa." Na mimi namjibu, "Na nyie je? Mtu anakuja na kadi ya serikali mnamwambia dawa hakuna, akanunue duka la nje!" Hapo alikuwa anainamia sahani yake, kwa sababu mwenye kuwaambia wagonjwa hivyo ni yeye mwenyewe. Mimi nilijiona nimeshinda.

Dada yangu, nitamwita Mama Kulwa, ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Shule aliacha darasa la tatu ili anibebe mgongoni. Aliolewa Ushetu, wakalima tumbaku na mume wake. Walikuwa na ile bima ya afya ya jamii ya familia nzima. Mimi ndiye niliyemwambia aiache, ajiunge na kampuni yetu, atatibiwa hospitali nzuri bila kusukumwa. Aliniamini bila swali hata moja.

Nilimjazia fomu nyumbani kwake, tumekaa kwenye mkeka, shemeji yuko kwenye bani anakausha tumbaku. Tukafika pale panapouliza kama mteja ana ugonjwa wa muda mrefu. Dada akasema, "Andika na ile presha yangu, mdogo wangu. Dawa nachukua zahanati kila mwezi." Jamani, alisema. Nilisikia kwa masikio yangu haya. Lakini meneja wetu alishatuambia kwa mdomo, bila karatasi, kwamba ukiandika "Ndiyo" fomu inarudi na mteja umempoteza. Nikamwambia, "Dada, presha kila mtu anayo, hiyo haina haja." Nikaandika "Hapana." Akaweka dole gumba, akashika mkono wangu akasema, "Wabeja, mdogo wangu," yaani ahsante.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Alitibiwa malaria, akatibiwa jino, akaisifia kampuni kanisani mpaka wanawake wengine wakanitafuta. Mwaka wa pili akaanza kuvimba miguu na uso. Tukampeleka hospitali Mwanza, wakasema figo zimechoka kwa sababu ya presha ya miaka mingi, inabidi asafishwe damu mara kwa mara. Akasafishwa mara ya kwanza, ya pili. Halafu kampuni ikaomba kumbukumbu zake zahanati, ikakuta presha imeandikwa tangu zamani. Barua ikaja kwamba mteja alificha ugonjwa, bima imefutwa.

Shemeji alimsomea barua ile pale pale kitandani, mimi nimesimama miguuni pake. Dada akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Kisha akamgeukia mume wake akasema, "Baba Kulwa, usimlaumu mdogo wangu. Ni mimi nilisahau kumwambia."

Nilivuta shuka nikamfunika miguu. Maneno yake nikayaacha yapite.

Ile bima ya jamii ilishakufa zamani. Shemeji aliuza ng'ombe, mume wangu akaomba kwa wenzake kazini, lakini kusafisha damu hakuna mwisho. Wakarudi Ushetu. Dada alifariki wiki ya tatu, na mimi ndiye niliyemwosha.

Sasa shemeji amepeleka malalamiko kwa wasimamizi wa bima wa serikali, na wiki ijayo tumeitwa sote. Juzi alikuja kwangu, akakaa ukumbini na kofia mkononi, akaniambia, "Shemeji, wewe ndiye msomi wetu. Waeleze kwamba mke wangu alisahau tu, hakuwa mwongo. Watu kule kijijini wanasema alikuwa mwongo." Jana meneja naye akanipigia: "Sema ulimuuliza vizuri, akakataa. La sivyo leseni yako imekwisha, na usifikiri kuna atakayekubali kwamba nilikutuma."

Nikisema kweli, huenda wasimamizi wakaibana kampuni, na jina la dada yangu litasafishwa. Lakini shemeji atajua kwamba alimlilia mkewe mikononi mwa aliyemponza, na mapacha wao, Kulwa na Doto, wanaoniita mama sasa, watajua pia. Nikinyamaza, marehemu anabaki na uongo wangu kaburini.

Nilimuuliza mume wangu afanyeje mtu kama mimi. Nilidhani ataanza na yale ya serikali na kampuni. Akasema tu, "Siku ile kwenye mkeka hapakuwa na serikali wala kampuni. Mlikuwa wawili." Akaondoka kurudi kazini kabla ya chakula. Jumapili hii hakuja kabisa.

Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, nastahili. Ila mkimaliza kunitukana niambieni: nikiitwa mbele ya wale watu na shemeji ameketi pembeni yangu, niseme nini?