Hita Yangu, Mkwe Wangu na Kuku

Mimi Werema nauza magodoro Musoma mjini. Niulize habari za usingizi, nitakujibu vizuri. Habari za maji ya moto muulize mtu mwingine. Lakini Nyangi, mke wangu, alipojifungua Masatu, nilitaka mtaa wetu wote wa Buhare ujue kwamba kwangu hakupulizwi tena kuni. Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Bukima kumkanda mzazi na kumwogesha mtoto, basi nami nikafunga hita ya maji.

Fundi Alfonce aliiweka darini, akazungusha kitufe chake mpaka nyuzi hamsini.

"Baba Masatu, hapa panatosha. Ukipandisha, maji yanachuna ngozi. Halafu hita itakula umeme mchana kutwa hata kama hakuna anayeoga, na ukifika bafuni unayapoza tena na ya baridi. Unachemsha ili upoze? Ya nini?"

"Na nikishusha?"

"Usishushe sana nako. Vijidudu vinapendaga maji ya uvuguvugu."

Nikaitikia kama mtu mwenye akili. Alipotoka tu getini, nikapanda kwenye stuli, nikaipeleka sabini na tano. Namba zilikuwa zimeandikwa mpaka pale, na mimi nilikuwa nimezilipia zote. Mtu anunue ng'ombe mzima halafu aambiwe ale kwato? Wiki haijaisha, mita ya Luku ikaanza kulia kwamba umeme unaisha. Nikamwita jirani mwizi wa umeme, tena mbele ya watoto wake. Nyangi akalalamika kwamba maji yanaunguza, nikamwambia achanganye.

"Na mama je? Nani atamwambia?"

Hapo nikakwama. Kwetu Butiama, kwa jinsi nilivyolelewa, mwanaume haongei na mama mkwe wake uso kwa uso, sembuse kumtajia bafu. Ukikutana naye njiani unapisha majanini. Kwa miaka yote ya ndoa yangu, huyu mama nilikuwa namjua kwa pindo la kitenge tu. Nikamwachia Nyangi kazi hiyo. Mama alipofika Nyangi alikuwa amechoka hajiwezi, akalala bila kusema neno.

Asubuhi yake nilikuwa uani, nyuma ya bafu, namfunga mguu kuku wa kumchinjia mgeni. Nikamsikia mkwe anaingia na Masatu, anamwimbia. Akaweka beseni chini, akafungua bomba. La kulia. La moto.

Maji ya kwanza hutoka baridi, yale yaliyolala kwenye bomba. Nikajua atayagusa, atayaona mazuri, atamshusha mtoto. Mtu mwenye akili zake angepiga kelele, "Mama, usimtie mtoto!" Mimi, mtu wa adabu, nikamgeukia kuku.

"Wewe kuku!" nikasema kwa sauti. "Maji ya bomba hilo ni ya moto sana, kuku!"

Maji yakaendelea kutiririka.

"Kuku! Usioge kwanza! Funga bomba, kuku!"

Kuku akanikodolea macho. Jirani naye akachungulia juu ya ukuta, yule yule niliyemwita mwizi. Halafu ndani nikasikia, "Yesu wangu!" na Masatu akaangua kilio.

Sijui niliingiaje. Mkwe alikuwa ameegemea ukuta, Masatu yuko mkono wa kushoto, mkavu, kafungwa kwenye kanga yake. Mkono wa kulia ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kifundo. Alikuwa ameuingiza tena kwenye beseni kabla ya kumshusha mjukuu wake. Angeamini ule mguso wa kwanza, aliyeungua angekuwa Masatu.

Nikafungua bomba la baridi, nikaushika ule mkono nikauweka chini yake, nikaushikilia hapo. Mama mkwe wangu, nimemshika mkono, tena bafuni! Wazee wa Butiama wangezirai. Na nilikuwa nalia, siwadanganyi.

"Nisamehe mama. Nilikuwa nasema."

"Ulikuwa unamwambia nani?"

"Kuku."

Akaniangalia usoni, kwa mara ya kwanza tangu nioe binti yake.

"Na kuku kaungua?"

Nikampeleka zahanati, wakamfunga bandeji. Niliporudi nikapanda kwenye stuli nikairudisha hita hamsini, kisha nikaenda kwa jirani kumwomba radhi. Alinisamehe, lakini mpaka leo akiniona ananisalimia, "Kuku hajambo?" Luku nayo imetulia. Kuku hatukumchinja, Nyangi alisema hatakula mkalimani.

Kesho yake asubuhi nilikuwa uani tena, najifanya nafagia. Bafuni maji yalifunguliwa, ya moto kisha ya baridi, halafu yakafungwa.

"Baba Masatu!"

Ilikuwa sauti ya mkwe. Nikatazama huku na huku, namtafuta kuku.

"Nakuita wewe, mwanangu, simwiti kuku. Mkono wangu huu hausikii kitu, na huu mwingine umembeba mtoto. Njoo uweke kiwiko chako."

Nikaingia. Nikapiga magoti kando ya beseni, nikatumbukiza kiwiko, nikakaa nacho humo mpaka nikawa na hakika.

"Mama," nikamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, "yanafaa."

Akamshusha mjukuu wake majini.