Mwanahiti wa Mama na Orodha Yangu ya Makumbusho

Orodha niliiandika mwenyewe, nyuma ya daftari la maandalio ya somo, na nikajivuna nayo. Nilikuwa mwalimu kijana pale Kibaha, miaka ile watu wanahamia vijiji vya ujamaa, na nilidhani mji naujua. Sehemu tatu za sanaa kwa siku moja ya Dar es Salaam. Basi la mwisho la kumrudisha mama Kisarawe lilikuwa linaondoka saa kumi, kwa hiyo moja ilibidi ikatwe.

Mama, aliyetoka kijijini kwetu Marui alfajiri, alikuwa na haja moja tu. Jicho lake la kushoto lilishakufa, la kulia lina mtoto wa jicho, na wiki iliyofuata angefanyiwa upasuaji ambao daktari mwenyewe hakuutolea ahadi yoyote. Kabla ya kisu alitaka amwone mwanahiti wake.

Mwanahiti ni mtoto wa mti, hana mikono wala miguu. Ana kiwiliwili, vititi viwili vidogo na nywele zilizosimama vishungi viwili. Kwetu Wazaramo, binti akivunja ungo huwekwa ndani, akapewa mwanahiti amlee: amwogeshe, ampake mafuta ya nyonyo, alale naye. Wa mama alichongwa na babu, baba yake mzazi. Babu alipofariki, mjomba akambadilisha kwa redio ya mgeni mmoja. Redio yenyewe haikumaliza mwaka! Ilipofika zamu yangu ya kuwekwa ndani, mimi niko bweni na mwanahiti hayupo; sikumgusa. Mama alisikia kwamba wageni hupeleka vitu kama hivyo makumbusho ya mjini.

Tulipokutana mjini nikamsomea orodha. Kwanza, makumbusho ya nyumba za asili.

"Nyumba ya udongo na makuti nimeiacha asubuhi hii haijafagiwa," akasema. "Leo nilipe kiingilio nikatazame ya mwenzangu?"

Ikakatwa. Zikabaki makumbusho yenye vinyago na ukumbi wa wachoraji, ambao nilikuwa nauota tangu chuoni. Mama akataka tuanze kwa mwanahiti. Nikamwambia ukumbi uko njiani, dakika ishirini tu. Haukuwa njiani hata kidogo.

Jamani, ule ukumbi! Picha zimechorwa kwa rangi ya kupaka baiskeli, chui wa njano, ndege wana mikia mirefu kuliko miili, wanawake wanatwanga na mchi umebaki hewani. Nilisimama mdomo wazi. Sikujua kwamba mtu wa kwetu, aliyelelewa kwa ugali na mchicha, anaweza kuukamata ulimwengu hivyo akaubandika ukutani. Nilizunguka, nikarudia, nikasahau kabisa. Mama alikaa kwenye benchi na pochi yake mapajani. Nilipomwonyesha chui alisema "mh", basi. Nilipokumbuka kuuliza saa, ilikuwa saa tisa imeshapita.

Tulikimbia. Niliona aibu, na aibu kwangu hutoka kama hasira, nikamfokea kwamba anatembea pole pole. Akaongeza mwendo.

Makumbusho walikuwa wanakaribia kufunga. Mhudumu, dada wa makamo, akamwamkia mama, "Shikamoo," na mama akaitika, "Marahaba, mwanangu, nimemfuata mtoto." Yule dada hakucheka. Akatupeleka hadi kwenye kabati la kioo, akasema tuna robo saa.

Mama akavua ndala. Akasogea mpaka pua ikagusa kioo.

"Naona weupe tu," akasema. "Hebu nitazamie."

Walikuwemo saba. Nilikuwa nimewapita wanahiti maisha yangu yote kama vitu vya shamba, vya kizamani. Nilipowatazama ili nimwambie mama, ndipo nilipowaona. Saba, na kila mmoja ametoka kwenye mkono wa mtu wake: huyu shingo imesokotwa kwa mistari, yule tumbo limeng'aa kwa mafuta ya mabinti ambao nina hakika wengi wao wameshakufa. Mti mdogo, wa kushikwa kwa mkono mmoja, na hakuna mchongo wa kupunguza wala wa kuongeza. Hata wale chui sikuwastaajabia hivyo.

"Baba alikuwa anakiacha kishungi cha kushoto kifupi," mama akasema. "Kila mara. Alisema mtoto aliyekamilika hana cha kuombewa. Yupo?"

Nikatazama wa kwanza, vishungi sawa. Wa pili, sawa. Nikaenda mpaka wa saba, nikarudi mpaka wa kwanza. Nilikuwa nimemlia mchana wake kwa picha zangu, na sasa ulimi uliniwasha kusema yupo, mama, huyu hapa. Nani angejua?

"Wote vishungi sawa, mama," nikasema. "Hayupo."

Mhudumu akaanza kufunga madirisha. Nikamshika mama mkono, nikaanza kuomba radhi, ya ukumbi, ya kumfokea, ya mjomba, yote kwa pamoja.

"Unalia nini?" akaniuliza. Uso wake ulikuwa umechanua, sijawahi kuuona hivyo. "Alhamdulillahi! Hawakumfungia humu. Basi kuna binti mahali anambeba."