Betri Niliyoianika Juani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipanda ngazi mchana kweupe nikaanika betri ya kompyuta juu ya bati la jiko. Usicheke. Au cheka kidogo, kisha unisikilize, maana leo asubuhi nimekuona ukiifunga chaja ya ile laptopu ya shule kwa mpira wa tyubu na kuiwekea kitabu juu ili waya usicheze. Nikasema moyoni, huyu kweli ni damu yangu.

Ilikuwa miaka ya tisini, hapa hapa Kharumwa, umeme bado hatujauona. Nilikuwa nimetoka kusomea uhazili Shinyanga mjini, mradi wa maji ukaniajiri kuandika habari za visima vya zamani. Mhandisi wetu, Bwana Kalinga, alikuwa akikaa Mwanza. Aliniachia laptopu nzito kama tofali, na daftari la kuandikia kwanza kwa mkono. Daftari nililitupia sandukuni siku ile ile. Nani ashike kalamu wakati watu wanatoka kila upande kuja kutazama vidole vyake vikicheza juu ya mashine? Nilikuwa na maringo, sikufichi.

Aliyevijua visima alikuwa Mzee Lugendo, jirani yetu wa nyumba ya pili. Ujana wake wote alichunga ng'ombe katika eneo hili; wengine wetu tulihamia baadaye. Siku tatu nilikaa naye uani kwake, akanitajia kisima kimoja kimoja: kipi kilibaki na maji mwaka wa ukame, kipi kina chumvi. Mkewe, Mama Masele, alituletea matobolwa na chai. Hata leo nikitafuna viazi vikavu namkumbuka yule mama.

Siku ya tatu mzee alishusha sauti. Nyuma ya kijiji kuna mabonde mawili yanayofanana sana. Katika bonde moja wachimbaji wadogo waliwahi kuoshea dhahabu kwa zebaki, kisha wakayafukia madimbwi yao na kuhamia upande wa Bulyanhulu. Majani yalishaota, huoni kitu.

"Ng'wanone," aliniambia, yaani mwanangu, "hapo wasichimbe kisima cha watu kunywa. Andika vizuri."

"Wabeja, baba," nikamshukuru, nikaandika, nikafunga mashine. Ni bonde lipi kati ya yale mawili, hilo niliiachia mashine ikumbuke.

Haikupita wiki laptopu ikaanza kugoma kuchaji. Nilikuwa nikiichajia dukani kwa Mama Shamsa, mwenye jenereta. Siku hiyo kitaa cha kuonyesha inachaji hakikuwaka. Nikatikisa waya, kikawaka. Kesho yake nikaufunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Keshokutwa nikauwekea jiwe la mizani juu, Mama Shamsa akawa anapima sukari kwa kukadiria, huku akininung'unikia.

"Binti, si umwambie mwenye mali?" aliniuliza.

"Naimudu, mama."

Kweli niliimudu, na hapo ndipo nilipopotea. Kila ujanja ulinipa siku moja, na kila siku moja ilinipa kiburi kipya. Jiwe liliposhindwa, nikaichomoa betri nikaianika juani, kama tulivyokuwa tukianika betri za redio zikichoka, ili zirudishe nguvu. Mwanangu, ikanipa dakika kumi! Nikajiona fundi asiye na mfano.

Sasa niulize dakika zile nilizifanyia nini. Ningeweza kulitoa daftari sandukuni na kunakili angalau maneno ya mzee kuhusu mabonde. Mimi nilikaa nikikoleza vichwa vya habari na kupanga pambizo, ili Bwana Kalinga akija apendezwe. Ningeweza pia kumwandikia aniletee disketi ya kunakilia kazi, lakini angeuliza ya nini, ningelazimika kusema mashine inaumwa. Niliogopa ataniona sifai. Basi nikanyamaza.

Mwisho jua nalo likashindwa. Nikachukua betri ya gari dukani kwa Mama Shamsa na nyaya za redio ya baba, nikaunganisha kwa kubahatisha. Kikatoka kimoshi chembamba chenye harufu ya mpira unaoungua, kioo kikawa cheusi. Niliifunika ile laptopu kwa khanga kama maiti, nikaendelea kunyamaza wiki nzima nyingine. Kila asubuhi nilipita mbele ya Mzee Lugendo akiwa amekaa uani, nikamwamkia "Mwangaluka, baba," akaitikia vizuri, nikaenda zangu.

Wiki ile ilipokwisha, mzee akaanguka kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na kauli ikaondoka.

Siku mbili baadaye ikaja barua ya Bwana Kalinga. Mtambo wa kuchimba utafika Jumatatu, na vipimo vinaonyesha maji katika mabonde yote mawili. Alitaka kujua kutoka kwangu Mzee Lugendo alisemaje, ili wachimbe lipi.

Nilikaa na barua ile mapajani. Nilijaribu kukumbuka: la mashariki, la magharibi? Nilipoelekea kusema la mashariki, nikawaona akilini watoto wakichota maji yenye zebaki, nikaghairi. Kupeleka mashine Dar es Salaam ikafunguliwe kungechukua mwezi. Nikanyanyuka, nikaenda kwa Mama Masele, nikamweleza yote, tangu mpira wa tyubu hadi moshi.

Hakunifokea. Alikuwa akimlisha mumewe uji kwa kijiko, akaendelea mpaka bakuli likaisha. Kisha akasema, "Ulipanda mpaka juu ya bati kutafuta msaada. Mlango wetu uko hapa. Mzee alikuwa akiongea kutwa nzima, tena alikuwa akitafuta wa kuongea naye. Kwa nini hukuja kumuuliza tena?"

Nikalipokea lile bakuli, nikaenda kuliosha. Swali lile ninalo hata leo.

Jumapili tulimpandisha mzee kwenye mkokoteni wa ng'ombe, tukamtandikia magodoro, ili akatuonyeshe bonde mwenyewe. Kila gurudumu liliporuka jiwe aliguna, na kila alipoguna nilitamani ardhi inimeze. Bonde la mashariki alilitazama, akatulia. Tulipofika la magharibi alinishika kifundo cha mkono kwa mkono wake wa kushoto, akakibana kwa nguvu zake zote, akatikisa kichwa huku machozi yakimtoka. Nikamwambia, "Nimesikia, baba. Safari hii nimesikia." Niliandika palepale, kwa kalamu, kwenye daftari.

Kisima kilichimbwa mashariki. Ndicho chenye pampu ile ambayo uliogeshwa kwa maji yake ulipozaliwa. Mzee Lugendo hakuyaonja. Alifariki kabla mabomba hayajawekwa. Bwana Kalinga alinisamehe, tena upesi, na hilo liliniuma zaidi, kwa kuwa wiki zote zile nilimwogopa mtu ambaye angenisikiliza.

Basi shika haya, mwanangu. Kitu cha watu kikianza kukugomea mikononi, sema siku ile ile, kabla hujazoea kukifunga mipira. Kikikupa dakika kumi, zitumie kutoa kilichomo, urembo utafuata. Na aliyekueleza jambo, maadamu yuko hai na anaongea, rudi kwake umuulize tena bila haya. Mtu mzima hachoki kuulizwa. Anachoka kupitwa na salamu tupu.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri na miguu myepesi ya kurudi kwa waliokufundisha. Akujalie wazee wa kuuliza, na siku moja vijana wa kukuuliza wewe. Haya, ondoa hicho kitabu, uende ukamwambie mwalimu wako kwamba laptopu ya shule imeharibika. Daftari liko hapa mezani, na kalamu nimekutafutia.