Mteja aliyelipa kifungo akaacha ndizi zake

Wakuu, habari za humu. Mimi ni bibi wa Kibosho, macho yamechoka, mjukuu ndiye anachapa. Haya niliyaona, sikuhadithiwa.

Kuna mdau kauliza nani ana vile vipande vya maduka vya wakati wa vita, ananunua. Ninavyo kopo zima. Kimoja siuzi, msinisumbue inbox.

Iko hivi. Vita ya Hitler ilipopamba moto, chenji ilipotea Moshi mjini. Mhindi mmoja muuza chumvi akatengeneza vyake: duara, vigumu, vina maandishi na tundu la uzi. Tukaviita vifungo. Vilivyopasuka mama alinipa, nikavikusanya.

Alipopewa cha kwanza, mama alikaa chini palepale dukani. Jirani yetu alikuwa ameletewa kitu kama hicho, kile chenye jina ambacho askari huvaa shingoni, cha mwanawe aliyekufa Burma. Na kaka yangu Kanuti alikuwa hukohuko.

"Mama, hii ya chumvi tu," Mhindi akamwambia.

Tulicheka hadi nyumbani. Mama hofu ikamtoka. Mimi haikunitoka. Askari akipita tu, mkojo unanibana, samahanini.

Siku moja tunauza ndizi sokoni, akaja askari anachechemea. Aliwauliza wauzaji wengine kitu, wakamwonyesha mama. Akamwekea kitu kiganjani, midomo ikamcheza, akaondoka.

"Kanilipa kifungo, kasahau ndizi," mama akasema. "Hebu mkimbilie."

Nikamfikia na ile chane. Akaiangalia, akalia mbele za watu. Nikarudi nayo mbio, sijui hata naogopa nini.

Tukapitia dukani. Mama akatoa kifungo apimiwe chumvi. Mhindi akakisoma, akakigeuza, akaniangalia mimi. Akapima chumvi, akaifunga vizuri. Kifungo akanirudishia mimi, si mama.

Nilikuwa darasa la pili. Jina la Kanuti nilijua kulisoma.

"Leo Mhindi kaamka vizuri," mama akasema tukiwa njiani, kajitwisha kikapu. "Chumvi ya bure."

Wakuu, fundisho langu ni dogo: kabla hujauza cha kwenye kopo la bibi yako, kisome kwanza.

Nanyi niambieni, mliwahi kubeba habari ya kumpa mzazi? Mlianzaje? Mjini hadi Kibosho ni mlima mtupu, na siku ile niliomba usiishe.