Kikombe Kilichoonjwa

Kwandu hakuamini hata kivuli chake. Ukimwambia mboga imekolea chumvi, ataonja. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono dirishani. Usimcheke. Mumewe, Mihayo, alikwenda msibani kijijini kwao Nyamahanga, Biharamulo, akapewa pombe, akarudi ameshika tumbo, na wiki haikwisha wakamzika. Daktari alisema vidonda vya tumbo. Watu walisema yao. Kwandu aliwasikiliza watu.

Ndiyo maana alipoamua kuhamia Ngara mjini, auze mchele sokoni na watoto wake wasome karibu, hakuhangaika na vigae wala rangi ya ukuta. Alitaka kujua jambo moja tu: yeye akiwa sokoni, nani atakuwa ukuta kwa ukuta na Nshoma na mdogo wake Bulugu?

Dalali wake, Juvenali, alikiona cha moto. Nyumba ya kwanza, karibu na stendi, Kwandu aliikataa kwa sababu jirani alicheka mno. Ya pili akaikataa kwa sababu jirani hakucheka kabisa. Kila alikopelekwa aliuliza mpangaji aliyetangulia alihamia wapi na kwa nini, akachungulia choo, akatazama kama watoto wa pale hunyamaza ghafla mtu mzima akipita. Juvenali alianza kumwambia kuwa mji una mtaa mmoja tu anaoutafuta, na huo uko mbinguni.

Nyumba ya tatu ilikuwa mteremkoni: vyumba viwili ndani ya ua wa Mama Deodata, Mhangaza, mwenyeji wa Ngara hapohapo, mjane kama yeye, anayeishi na mjukuu wake Claudia. Kwenye kamba kulikuwa na sare za shule zilizofuliwa zikatakata. Watoto wa jirani walikuwa wakigombania mpira kwa makelele yao yote, na hakuna aliyewatukana. Kwandu, aliyekuja na wanawe wawili, alitafuta kasoro akaikosa, na kuikosa huko kukazidi kumtia wasiwasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaeni. Hawa watoto wana kiu."

Deodata akaleta juisi ya ndizi mbivu. Akaimimina kikombeni, akamtazama Kwandu machoni, akanywa funda moja. Kisha, bila kukisuuza, akampa Nshoma kikombe kilekile.

Kwandu aliruka kama aliyekalia siafu. Ametema nini humo? Mama yake alimfundisha kuwa mgeni hupewa chombo ambacho hakijaguswa na mdomo wa mtu. Akampokonya mtoto kikombe, akakitua chini kwa nguvu, juisi ikamwagika.

"Wanangu hawanywi vya watu!"

Deodata alimvuta Claudia nyuma ya kanga yake, akakitazama kikombe, kisha akamtazama Kwandu. Sasa walikuwa wanawake wawili wanaoogopana.

Kwandu akatoka na watoto. Juvenali alibaki nyuma kidogo akiongea na mwenye nyumba, na alipowafikia njiani alikuwa amevimba kwa hasira.

"Mama Nshoma, umeniaibisha! Unajua ulichokataa?"

"Nimekataa mate ya mtu."

"Mate! Huku kwetu anayekukaribisha huonja kwanza, mbele ya macho yako. Maana yake, kama kuna sumu, inianze mimi. Na anayekataa kilichoonjwa, watu hujiuliza: huyu mawazo ya sumu kayatoa wapi? Mama yule ana mjukuu ndani. Kasema nisikurudishe."

Kwandu hakumwamini. Dalali hula kwa mdomo wake. Kesho yake, sokoni alikokwisha kuanza kuuza mchele, akamuuliza Esperansia, muuza maharage, kama watu wa Ngara huonja kabla ya kumpa mgeni. Esperansia akasema ndiyo, wazee wengi hufanya hivyo, kisha akamtazama kwa jicho la pembeni: "Kwani ulikataa?"

Siku ile Kwandu alipima mchele vibaya hadi jioni. Alimwaza Mihayo. Laiti msibani kule angetokea mtu mmoja tu wa kuonja mbele yake! Hapa ametokea huyo mtu, ameonja kwa ajili ya mwanawe, naye akakimwaga kinywaji chini. Aliona aibu, aibu ya kweli, na chini ya aibu hiyo kulikuwa na hofu: nyumba pekee aliyoikosea kasoro imefungwa, na aliyeifunga ni yeye mwenyewe.

Dada yake alipomletea maziwa ya mgando kutoka Nyamahanga, aliwachukua watoto akateremka. Deodata alikuwa mlangoni. Aliitikia shikamoo, lakini hakusema kaeni.

Kwandu akamimina maziwa kikombeni. Akanywa funda moja, macho yake kwenye macho ya yule mama.

"Mama, sikujua. Mume wangu alikufa baada ya kunywa pombe ya msibani. Tangu siku ile nawaogopa watu wote."

Deodata alikipokea kikombe. Hakunywa. Alikizungusha, akakinusa, akamtazama Kwandu usoni hadi Kwandu akatamani ardhi ipasuke. Miaka yote alikuwa akiwatazama watu hivyohivyo. Hakuwahi kujua kuwa kunauma namna hii.

"Claudia," Deodata akaita, "njoo hapa."

Mtoto akatoka ndani. Bibi yake, ambaye mwenyewe hakuwa ameonja hata tone, akatosheka na funda la Kwandu, akamkabidhi kikombe.

Claudia akanywa, akafuta mdomo kwa mkono, akampa Nshoma. Mkono wa Kwandu uliinuka wenyewe, kama ilivyo desturi yake. Akaushika kwa mkono wa pili, na Nshoma akanywa.